Harold Palmer: Mwalimu wa Kiingereza Asiyesomea Ualimu

Wanachuo wanapojadili sifa za mwalimu wa lugha ya kigeni, aghalabu huzuka hoja mbili zinazopingana. Ya kwanza hudai kwamba mtu aimuduye lugha barabara, hasa ikiwa amekua nayo tangu utotoni, anatosha kuifundisha popote aendapo. Ya pili hushikilia kwamba kufundisha lugha ni kazi yenye taaluma yake, na asiyepata mafunzo yake hana haki ya kusimama mbele ya wanafunzi. Makala haya yanazipima hoja hizo kwa kuyatazama maisha ya Harold Edward Palmer, Mwingereza aliyefundisha Kiingereza Ubelgiji na Japani. Palmer hakuwa na cheti cha ualimu, wala hakuwahi kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Hata hivyo, ni mmoja wa watu wachache walioufanya ufundishaji wa Kiingereza kwa wageni uwe taaluma yenye misingi inayoweza kuelezwa na kufunzwa. Kwa kuwa maisha yake yanaweza kutumiwa na kila upande kujitetea, yafaa yasimuliwe kwa utaratibu.

Utoto na ujana

Palmer alizaliwa London tarehe 6 Machi, 1877. Baba yake alikuwa mwalimu, na baadaye akawa mwenye gazeti katika mji mdogo wa Hythe, kusini-mashariki mwa Uingereza. Sehemu kubwa ya elimu yake Palmer aliipata nyumbani, mikononi mwa baba yake. Shuleni alikaa muda mfupi tu. Katika ujana wake alipelekwa Boulogne, Ufaransa, kujifunza Kifaransa, na huko akaionja mwenyewe taabu ya kuishi katika lugha ya watu wengine. Aliporejea alifanya kazi katika gazeti la baba yake. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyemfundisha namna ya kupanga somo, kuuliza maswali au kusahihisha makosa ya mwanafunzi.

Verviers, 1902 hadi 1914

Mwezi Februari 1902, akiwa na umri wa miaka 24, Palmer alikwenda Verviers, mji wa viwanda vya sufu mashariki mwa Ubelgiji. Alikwenda kufundisha Kiingereza katika shule ya lugha iliyofuata njia ya Berlitz. Katika njia hiyo lugha ya wanafunzi haikuruhusiwa darasani. Mwalimu alionyesha vitu, alitenda, aliuliza na kujibiwa kwa lugha ngeni peke yake. Kwa sababu hiyo shule za namna hiyo zilitafuta watu waliokua na lugha iliyofundishwa, na suala la kusomea ualimu halikupewa uzito mkubwa. Palmer aliajiriwa kwa sababu alikuwa Mwingereza.

Wengi walioipata kazi kwa njia hiyo waliridhika nayo, lakini Palmer hakuridhika. Mwaka uliofuata alifungua shule yake mwenyewe katika mji huo huo. Mwaka 1904 alimwoa Elisabeth Purnode, na mwaka 1905 wakampata binti yao, Dorothée. Katika shule yake Palmer alikuwa huru kujaribu njia moja baada ya nyingine, kuzilinganisha na kuacha zile zisizofaa. Alibaini kwamba kuikataza kabisa lugha ya mwanafunzi mara nyingine hupoteza wakati, kwani maana inayoweza kutolewa kwa neno moja la tafsiri huzungushwa kwa ishara nyingi na mwishowe hueleweka vibaya. Alibaini pia kwamba maneno na miundo ya sentensi ilifundishwa bila mpango, kana kwamba yote yalikuwa na manufaa sawa.

Aligundua jambo jingine lililo muhimu zaidi. Kuweza kutamka sauti si sawa na kujua inavyotokea kinywani. Mwenye lugha hutamka bila kufikiri. Mwanafunzi anapokosea, mwenye lugha hurudia tu lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Palmer aliazimia kulijua jambo hili. Mwaka 1907 alijiunga na Chama cha Kimataifa cha Fonetiki, akajisomesha taaluma hiyo kwa bidii kupitia jarida la chama na kwa kuandikiana na wataalamu wake. Kwa hiyo, ingawa hakuingia chuo chochote, miaka yake kumi na miwili ya Verviers ilikuwa miaka ya mafunzo. Tofauti yake na mwanachuo ni kwamba hakuwa na mkufunzi wala ratiba, na wanafunzi waliolipa ada ndio aliowafanyia majaribio yake.

London, 1915 hadi 1922

Mwezi Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Ubelgiji, na Verviers, uliokuwa karibu na mpaka, ulitekwa mapema. Palmer na jamaa yake walikimbilia Uingereza, wakaiacha shule na karibu mali yao yote. Alikuwa na umri wa karibu miaka arobaini, hana shahada, hana cheti, wala hana mwajiri.

Aliyemfungulia mlango ni Daniel Jones, mtaalamu wa fonetiki wa University College, London, ambaye alikuwa amekwisha kufahamiana naye kwa njia ya chama kile. Mwaka 1915 Jones alimwalika kutoa mihadhara juu ya njia za kufundisha lugha. Miongoni mwa waliohudhuria walikuwamo walimu wa lugha. Tuzingatie jambo hili: mtu asiyesomea ualimu sasa alikuwa akiwafundisha walimu, na chuo kikuu kilimkubali kwa sababu alikuja na kumbukumbu za kazi, majaribio na maelezo yaliyoweza kupimwa na wengine.

Miaka iliyofuata ilikuwa na mavuno makubwa. Mwaka 1916 alitoa kitabu chenye majedwali mia moja ambamo mwanafunzi hubadilisha neno moja baada ya jingine katika muundo uleule wa sentensi. Mwalimu yeyote anayechora ubaoni jedwali la namna hiyo leo anakitumia chombo alichokieneza Palmer. Mwaka 1917 alichapisha The Scientific Study and Teaching of Languages, na mwaka 1921 The Principles of Language-Study. Humo alieleza kwamba masikio hutangulia ulimi, kwamba lugha ni mazoea yanayojengwa kwa mazoezi, na kwamba mambo yapangwe kutoka jepesi kwenda gumu. Aidha, mwanafunzi asiachwe kuzoea makosa, na mifano dhahiri itangulie maelezo ya kanuni.

Japani, 1922 hadi 1936

Mwaka 1922 Palmer alikwenda Japani kwa mwaliko wa Sawayanagi Masataro, kiongozi mashuhuri wa elimu nchini humo, akawa mshauri wa Wizara ya Elimu katika ufundishaji wa Kiingereza. Mwaka 1923 ilianzishwa huko Tokyo Taasisi ya Utafiti wa Ufundishaji wa Kiingereza, naye akawa mkurugenzi wake. Taasisi ilitoa jarida, iliitisha mikutano ya walimu kila mwaka na kuandaa vitabu vya shule. Mwaka 1925 yeye na binti yake Dorothée walichapisha English Through Actions. Katika kitabu hicho wanafunzi husikiliza amri na kuzitenda, kama vile kusimama, kwenda mlangoni au kufungua dirisha, kisha huulizwa na kujibu juu ya yale waliyoyatenda.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Madarasa yalikuwa makubwa. Mitihani ya kuingia shule za juu ilipima zaidi uwezo wa kutafsiri. Walimu wengi wa Kijapani walijua sarufi ya Kiingereza vizuri, bali hawakuwa na mazoea ya kukizungumza. Njia ya mazungumzo haikuenea kwa kasi aliyoitarajia, na Palmer mwenyewe alilazimika kuipa nafasi kubwa zaidi kazi ya kusoma. Alijifunza kwamba njia iliyo bora kwa darasa la watu wachache Ubelgiji haina budi kupimwa upya mahali penye wanafunzi wengi na mtihani wa taifa.

Hata hivyo mwaka 1933 walimu Wajapani wa shule ya Fukushima walionyesha mbele ya wenzao mafanikio waliyoyapata kwa kuifuata njia hiyo. Walimu hao hawakukua na Kiingereza. Walijifunza lugha kwa jasho, wakajifunza na njia ya kuifundisha, wakaitenda kazi. Kwa mfano huo, dai kwamba mwenye lugha peke yake ndiye awezaye kuifundisha vyema lilipoteza nguvu.

Mwingine aliyefuata nyayo za Palmer ni A. S. Hornby. Mwaka 1924 Hornby aliwasili Japani kufundisha fasihi ya Kiingereza, akagundua upesi kwamba wanafunzi wake walihitaji lugha yenyewe kwanza. Alijiunga na kazi ya Taasisi, akashiriki katika uchaguzi wa msamiati na uchunguzi wa miundo ya sentensi. Kamusi aliyoiandaa na wenzake ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, na mwaka 1948 ikatolewa na Oxford University Press. Kamusi hiyo, katika matoleo yake mbalimbali, imekuwa ikitumiwa na wanafunzi wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi.

Palmer alirejea Uingereza mwaka 1936, baada ya Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo kumtunuku shahada ya udaktari. Alipata msiba mzito mwaka 1942, mwanawe Tristram alipouawa vitani. Yeye mwenyewe alifariki mwezi Novemba 1949.

Mafunzo kwetu

Je, maisha haya yanathibitisha kwamba cheti hakihitajiki? La hasha. Palmer hakuwa na cheti, lakini alitumia miaka kumi na miwili kujipatia yale ambayo mwanachuo hupewa kwa utaratibu katika muda mfupi zaidi. Alipokwisha kuyapata, umri wake uliobaki aliutoa kuwaandalia wengine mafunzo, ili wasilazimike kupapasa gizani kama yeye. Ikiwa yupo aliyejua hasara ya kuanza kazi bila mafunzo, ni yeye.

Mjadala huo bado haujaisha ulimwenguni. Mwaka 1962 John Haycraft alianzisha London kozi fupi ya wiki mbili kwa watu waliotaka kufundisha Kiingereza ugenini, nayo ikawa chimbuko la vyeti vifupi vinavyotambuliwa leo katika nchi nyingi. Huko Japani, mpango wa JET ulioanza mwaka 1987 huwataka walimu wasaidizi kutoka ng'ambo wawe na shahada ya kwanza ya fani yoyote, bila kudai cheti cha ualimu. Lakini wasaidizi hao hufanya kazi pamoja na mwalimu Mjapani aliyesomea kazi yake. Mpango huo umetambua kwamba kuijua lugha na kujua kuifundisha ni mambo mawili, yanayoweza hata kuwamo katika watu wawili tofauti.

Mwalimu wa shule ya msingi hapa kwetu hana msaidizi wa namna hiyo. Yeye peke yake hupaswa kuwa na yote mawili. Asijione mnyonge kwa kuwa Kiingereza hakikuwa lugha ya nyumbani kwao. Alikipata kwa kujifunza, na kwa hiyo anajua mahali ambapo wanafunzi wake watajikwaa. Wala asidhani kwamba cheti atakachokabidhiwa kitamfundishia darasa. Kila baada ya somo aandike katika andalio lake lipi lilieleweka, lipi lilishindikana, na kwa sababu gani. Kisha somo lifuatalo alipange kwa kuyazingatia hayo. Palmer aliianza kazi hiyo bila mtu wa kumwelekeza. Mwanachuo anaweza kuianza sasa, katika mazoezi ya kufundisha, akiwa na mkufunzi wa kumwuliza.