Ramazzini: daktari aliyeuliza kazi ya mgonjwa

Leo tunamkumbuka Bernardino Ramazzini, aliyezaliwa Carpi, Italia, mwaka 1633. Akiwa Modena alimwona mzibua choo nyumbani kwake akiharakisha kazi kwa kuhofia macho yake. Tangu hapo akaanza kuingia kwenye karakana na kuwauliza wagonjwa kazi zao. Mwaka 1700 alichapisha kitabu cha maradhi ya wafanyakazi, wakiwemo wapepetaji nafaka waliokohoa na kuwashwa kwa vumbi. Alifariki Padua mwaka 1714.

Swali lake bado tunalihitaji. Anayehudumia panya wa maabara huvuta vumbi la manyoya na mkojo uliokauka, linaloleta mzio. Barakoa, glavu na hewa ya kutosha hupunguza hatari. Chafya ikipuuzwa, yaweza kuishia pumu.