Peter Mansfield

Peter Mansfield (9 Oktoba 1933 – 8 Februari 2017) alikuwa mwanafizikia kutoka nchini Uingereza. Anajulikana hasa kwa kubuni njia ya haraka ya kipimo cha MRI, yaani upigaji wa picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio. Mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Mmarekani Paul Lauterbur.

Maisha

Alizaliwa Lambeth, London, mtoto wa fundi wa gesi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alihamishwa pamoja na watoto wengine wa jiji hilo kukimbia mabomu, na masomo yake yakavurugika. Alifeli mtihani wa kuchagua wanafunzi wa sekondari (tuseme ni ndugu wa mtihani wetu wa darasa la saba), akaacha shule akiwa na miaka 15 na kufanya kazi ya uchapaji. Kwa kuwa alipenda roketi, akiwa na miaka 18 alipata kazi katika idara ya serikali iliyozishughulikia. Baada ya kutumikia jeshi alijiendeleza kwa masomo ya jioni, akaingia Queen Mary College, London, alikopata shahada ya kwanza mwaka 1959 na ya uzamivu mwaka 1962. Mwaka huohuo alimwoa Jean Kibble. Alifundisha Chuo Kikuu cha Nottingham kuanzia 1964 hadi alipostaafu mwaka 1994.

Picha za moyo

Mwili wa binadamu una maji mengi, na maji yana hidrojeni. Ndani ya sumaku yenye nguvu viini vya hidrojeni hujipanga. Vikipigwa na mawimbi ya redio hurudisha mwangwi hafifu, ambao kompyuta huugeuza kuwa picha. Lauterbur na Mansfield walilionyesha wazo hilo mwaka 1973, kila mmoja kwa njia yake.

Tatizo lilikuwa muda. Picha moja ilichukua dakika kadhaa, kwa sababu ilijengwa mstari kwa mstari. Kidole hutulia, lakini moyo hudunda mara 60 hadi 100 kwa dakika, hivyo picha yake ilitoka na ukungu kama ya mtoto aliyepigwa picha akikimbia. Mwaka 1977 Mansfield alieleza njia ya eko-plana: viini hupigwa mara moja tu, kisha nguvu ya sumaku hubadilishwa upesi sana huku na huku, na miangwi ya picha nzima hukusanywa kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Hapo palikuwa na hatari. Sumaku inayobadilika haraka huzalisha umeme, kwa kanuni ileile ya Faraday inayofundishwa kidato cha nne, na Mansfield alionywa kwamba umeme huo ungeweza kuuvuruga moyo wa mgonjwa. Alipiga hesabu zake, akaridhika, na mwaka 1978 akaingia mwenyewe katika mashine yao ya kwanza ya mwili mzima. Picha ya tumbo lake ikatoka, naye akatoka salama.

Mwaka 1982 kikundi chake kilionyesha picha zinazotembea za sungura aliye hai, na mwaka uliofuata za watoto wachanga, ambao hawawezi kuambiwa wabane pumzi. Zilikuwa picha za kukwaruza, lakini ziliuonyesha moyo ukifanya kazi.

Viwanda vilichelewa kuifuata njia hiyo, maana ilidai umeme mwingi na kelele zake ni kubwa. Leo picha nyingi za moyo hupigwa kwa njia nyingine za haraka, mojawapo ikiwa imebuniwa Göttingen, Ujerumani, katikati ya miaka ya 1980. Eko-plana imetawala zaidi katika uchunguzi wa ubongo. Baada ya kustaafu Mansfield aliendelea kutafuta namna ya kupunguza kelele za mashine hizo. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1993. Kituo cha upigaji picha cha chuo chake huko Nottingham kinaitwa kwa jina lake.