Padre Cecil Majaliwa Asiyedai Deni

Katika nchi ya Masasi na Newala, ambamo Chidya imo, yafaa tumkumbuke Padre Cecil Majaliwa wa misheni ya UMCA.

Yeye alikuwa Myao. Angali mtoto alitiwa utumwani. Akakombolewa, akalelewa Unguja, akasoma Kiungani, kisha akapelekwa Uingereza, chuo cha Canterbury. Aliporudi angeweza kukaa mjini kwa raha. Tena alikuwa na sababu ya kulaumu, maana siku zile wakuu wengi wa Wayao wenyewe waliuza watu, na misafara yao ikashuka pwani.

Lakini mwaka 1886, alipokwisha kuwa shemasi, alikwenda Chitangali kukaa kati ya Wayao hao hao. Hakwenda kudai deni la utoto wake. Alikwenda kufundisha na kuhubiri. Mwaka 1890 Askofu Smythies akamweka kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile, naye akarudi kwa watu wake.

Ndugu, kusamehe si kusema kwamba ubaya ulikuwa wema. Utumwa ulikuwa ubaya. Lakini lawama ni mzigo, na aubebaye si yule aliyekosa, bali yule aliyekosewa. Majaliwa aliutua, mikono yake ikapata nafasi ya kufanya kazi. Nasi je? Aliyetuudhi pengine amekwisha kulala usingizi, nasi twakesha tukihesabu makosa yake. Na tuutue mzigo, tushike jembe.