Sheikh Muhammad Abduh na Miaka Yake ya Kimya

Marehemu Sheikh Muhammad Abduh, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu mwaka 1899 hata kufa kwake mwaka 1905, wengi wetu twamjua kwa fatwa zake na tafsiri yake. Ni wachache wajuao kuwa ujanani alikuwa mtu wa kimya, mwenye kuwakimbia watu, na kwamba alikaribia kuikosa kazi aliyoumbiwa.

Alizaliwa mwaka 1849 katika jamaa ya wakulima, kaskazini ya Misri. Mwaka 1862 alipelekwa Tanta kusoma katika Msikiti wa Ahmadi. Walimu wa huko walisomesha nahau kwa istilahi wasizozifasiri. Baada ya mwaka na nusu hakuwa amefahamu kitu, akatoroka akajificha kwa jamaa zake. Kisha akarudi kijijini, akaoa, akaazimia kushika jembe. Mara ngapi na sisi humwita mtoto mzito, na uzito u katika mafunzo!

Baba yake alipomlazimisha arudi Tanta, alitoroka tena njiani, na huko alikokimbilia akamkuta Sheikh Darwish, mjomba wa baba yake. Mzee huyu hakumkaripia. Alimpa kitabu akamwomba amsomee, kwa kuwa macho yake yalikuwa dhaifu. Kijana akakitupa. Mzee akatabasamu, akakiokota, akamrudishia. Na kila walipofika mahali pagumu akamweleza kwa maneno mepesi. Hazikupita siku nyingi, yule aliyechukia vitabu akawa hataki tena michezo ya wenzake.

Mwaka 1866 aliingia Al-Azhar, na hapo akazidi kujitenga: saumu mchana, ibada usiku, macho chini, hasemi na mtu ila kwa dharura. Wengine wangaliusifu ucha Mungu huo wakaishia hapo. Sheikh Darwish, aliyekuwa akionana naye kila likizo, alimwonya kuwa elimu isiyowafikia watu haina faida. Wala hakutosheka na kuonya. Alimchukua kwenye mabaraza, akafungua mazungumzo yeye mwenyewe, kisha akamwachia kijana ajibu. Kidogo kidogo ulimi ukafunguka.

Basi Jamaluddin Al-Afghani alipokuja kukaa Kairo mwaka 1871, alimkuta yu tayari. Mwaka 1877 Abduh alipata shahada ya Al-Azhar, akaanza kusomesha. Yaliyofuata, kufukuzwa nchini mwaka 1882, Beirut, Paris, na ukadhi, ni maarufu. Hata alipokuwa Mufti hakuliacha darasa. Na masomo yake ya tafsiri yaliandikwa na mwanafunzi wake Rashid Rida katika Al-Manar, jarida lililofika hata Mombasa, mikononi mwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui.