Tom Simpson, mtoto wa mchimba makaa aliyefia mlimani

Wiki ya pili sasa niko Nakuru, kwa dadangu aliyeolewa huku, mtaa wa Section 58. Kwetu Mombasa watu wanalala na feni. Mimi hapa nasali Alfajiri nimevaa koti. Mwanawe wa pili, kijana wa miaka 17, kashikwa na wazimu wa baiskeli. Kila Jumamosi huipanda njia ya Menengai mpaka ukingoni mwa kreta, kisha hushuka kama mshale. Hilo halina neno. Lililonishtua ni kwamba usiku mmoja alinionyesha kwenye simu picha ya vidonge ambavyo mwenzake amemwambia vinaondoa machofu, akataka kujua mimi mjomba wake naonaje.

Sikumgombeza. Nilimweka kitako nikamhadithia Tom Simpson. Nawahadithia na nyinyi, kwa sababu wengi wetu tukitajiwa mbio za baiskeli tunamjua Chris Froome peke yake, yule mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara 4.

Simpson alizaliwa mwaka 1937 kaskazini mwa Uingereza, kitinda mimba wa watoto sita. Babake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Walipohamia kijiji cha Harworth, kilicho pia cha migodi, kijana akaanza mashindano na klabu za hapo. Alikuwa mwembamba, kifua chembamba, lakini mbishi. Akiwa na miaka 19 tu alirudi na medali ya shaba kutoka Olimpiki za Melbourne za 1956, akiwa mmoja wa wanne wa timu ya Uingereza katika mbio za uwanjani.

Lakini riziki ya baiskeli haikuwa Uingereza. Ilikuwa Ufaransa, Ubelgiji na Italia. Basi mwaka 1959 akavuka bahari kwenda Brittany, na baiskeli mbili na pauni 100 mfukoni. Watu wa pwani mnaijua safari hiyo; ni ile ile ya vijana wetu wanaopanda ndege kwenda Ghuba. Miezi michache baadaye alikuwa amekwisha kusaini na timu ya kulipwa.

Mwaka 1961 alishinda mbio kubwa za Flanders. 1962 akawa Mwingereza wa kwanza kuvaa jezi ya njano ya Tour de France. Aliivaa siku moja tu, akamaliza wa sita. 1964 alichukua Milan–San Remo, na 1965, huko San Sebastián, Uhispania, akamshinda Mjerumani Rudi Altig mstarini akawa bingwa wa dunia. Wafaransa walimpenda kwa mzaha wake. Alikuwa akivaa suti na kofia nyeusi ya duara, mwavuli mkononi, kama karani wa London, apigwe picha, nao wakambandika cheo cha Meja.

Nyuma ya mzaha kulikuwa na hesabu. Mchezaji wa baiskeli wa siku zile alilipwa kwa jina lake, na jina lilitengenezwa Tour de France mwezi wa Julai. Mwaka 1966 alivunjika mguu akiteleza kwenye theluji, msimu ukaharibika. 1967 alianza vizuri, akashinda Paris–Nice, lakini alijua kwamba asipomaliza Tour mahali pazuri, mkataba ujao ungepungua. Alikuwa na mke na mabinti wawili wadogo.

Tarehe 13 Julai 1967 walitoka Marseille, safari ya zaidi ya kilomita 200, na katikati yake kuna Mont Ventoux. Kilele chake kiko karibu mita 1,900 juu ya bahari, si mbali sana na kimo cha mji huu wa Nakuru. Tofauti ni kwamba wao wanaanza kupanda kutoka mita 300 hivi, kilomita 21 bila kupumzika, na sehemu ya juu haina mti hata mmoja, ni mawe meupe matupu yanayorudisha jua usoni. Siku hiyo joto lilikuwa kali mno. Simpson alikuwa na tumbo la kuendesha tangu siku za nyuma, mwili umekauka. Na maji waliyoruhusiwa yalikuwa ya kuhesabu, kwani wakati ule kunywa sana kulionekana udhaifu.

Karibu na kilele alianza kuyumba, akaanguka. Alitaka kurudishwa juu ya baiskeli, wakamrudisha, wakamfunga kamba za miguu, wakamsukuma. Akaenda mita mia kadhaa, akaanguka tena, mikono bado imeshika usukani. Daktari wa mashindano alijaribu kumpulizia pumzi, helikopta ikampeleka Avignon. Alikuwa amekwisha kufariki. Umri wake ulikuwa miaka 29.

Mfukoni nyuma ya jezi yake zilikutwa tyubu za amfetamini, nyingine tupu. Uchunguzi wa maiti ulikuta dawa hiyo mwilini pamoja na pombe.

Hapa ndipo nilipomsimamisha mpwa wangu. Amfetamini haimpi mtu nguvu asiyokuwa nayo. Inaziba mlango ambao mwili unabisha kusema umechoka, na huku inauzidishia joto. Mtu mzima wa afya angesimama kivulini. Simpson hakusikia mlango ukibishwa.

Wako wanaotaka aitwe tapeli, na wako wanaotaka vidonge visitajwe kabisa, libaki jina la shujaa. Mimi siko na hao wala hawa. Alikosea, tena akijua, maana Ufaransa ilikuwa imekwisha kupitisha sheria dhidi ya dawa hizo miaka miwili kabla. Lakini hakuwa peke yake. Ilikuwa desturi ya kazi, na waliokuwa wakila kwa jasho lake walijua wakanyamaza. Mwili ni amana, sawa, ila na sisi tunaomzunguka mwenye mwili tuna letu la kujibu. Kenya hii wakimbiaji wetu makumi wamefungiwa kwa dawa, tukaunda wakala wa kuzipiga vita mwaka 2016, na bado nadra kusikia aliyeuza au aliyeshauri akitajwa.

Tour ilianza kupima wachezaji kwa utaratibu mwaka uliofuata, 1968. Karibu na alipoanguka kuna jiwe la ukumbusho, na wapita njia huacha hapo kofia na chupa za maji. Froome alipita mbele yake Julai 2013 akienda kushinda juu ya mlima huo huo.

Kijana aliniuliza jambo moja tu: mbona waliomwinua hawakumwambia basi? Nilinyamaza, sikuwa na la kumjibu. Jumamosi hii anapanda tena Menengai. Nimemnunulia chupa mbili za maji, na mamake kamtilia tende mfukoni.