Charles Wreford-Brown, Mchezaji wa Ridhaa

Yapo maneno mawili tunayoyatamka bila kuuliza yametoka wapi. La kwanza ni sataranji, mchezo ambao vijana wetu siku hizi huuita chesi. Watu wa kale wa Bara Hindi waliuita chaturanga. Kwa Kisanskriti jina hilo lilikuwa na maana ya sehemu nne, yaani vikosi vinne vya jeshi: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi waliupokea wakauita chatrang, Waarabu wakasema shatranj, na neno likasafiri hadi likafika katika Kiswahili.

La pili ni soka. Hilo lilizaliwa mbali sana na bahari yetu, miongoni mwa wanafunzi wa Uingereza katika karne ya 19. Wanafunzi wa Oxford walikuwa na mtindo wa kuyakata maneno na kuyabandika mkia mpya, na mpira uliochezwa kwa kanuni za chama cha mpira wa miguu ukapata jina lake kwa njia hiyo, ili usichanganywe na raga. Imesimuliwa kwa miaka mingi kwamba mwanafunzi mmoja alialikwa kucheza raga, naye akajibu kwamba yeye angecheza soka, na kwamba hapo ndipo neno lilipozaliwa. Ushahidi wa kisa hicho ni mwembamba, nasi hatuko tayari kukiapia. Hata hivyo mwanafunzi anayetajwa aliishi kweli, na ana sifa nyingine inayotufanya tumweke katika kurasa hizi: alikuwa mtu wa michezo yote miwili, soka na sataranji, na katika yote miwili hakucheza kwa ajira.

Charles Wreford-Brown alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1866 huko Clifton, katika mji wa Bristol. Alisoma shule ya Charterhouse, mojawapo ya shule ambamo mpira wa miguu ulilelewa kabla haujawa mchezo wa umma, kisha akaingia chuo cha Oriel, Oxford. Alicheza pia kriketi kwa jimbo la Gloucestershire, katika zama za nahodha mashuhuri W. G. Grace. Lakini jina lake lilijengwa na mpira wa miguu. Alikuwa kiungo wa kati, na kati ya mwaka 1889 na 1898 aliichezea timu ya taifa ya Uingereza mechi nne. Idadi hiyo leo ingeonekana ndogo. Tukumbuke kwamba siku hizo Uingereza ilikuwa na mechi tatu tu kwa mwaka, dhidi ya Scotland, Wales na Ireland.

Klabu yake ilikuwa Corinthians, iliyoundwa mwaka 1882. Kanuni yake ya mwanzo ilikataza kushindania kombe au tuzo yoyote. Wachezaji wake walikuwa wa ridhaa: walicheza kwa sababu walipenda kucheza, hawakuwa na mshahara wala mkataba. Adhabu ya penalti ilipoanzishwa mwaka 1891, waliiona kama tusi, kwa kuwa ilichukulia kwamba mtu mstaarabu anaweza kumchezea mwenzake rafu kwa makusudi. Inasemekana kwamba mlinda mlango wao, timu yake ilipopewa adhabu hiyo, aliliacha goli wazi mpira uingie. Mwezi Machi 1894 timu nzima ya Uingereza iliyoikabili Wales, wachezaji wote kumi na mmoja, ilitoka Corinthians, Wreford-Brown akiwemo, na ikashinda mabao 5 kwa 1. Jina la klabu hiyo lilivuka bahari pia: baada ya ziara yao nchini Brazil mwaka 1910, wafanyakazi wa São Paulo waliipa klabu yao mpya jina la Corinthians, nayo ingali ikicheza hadi leo.

Haya ni mambo mazuri, lakini tusiyapambe kupita kiasi. Ridhaa ya namna ile ilikuwa na mlango mwembamba. Mtoto wa tajiri aliyesoma Oxford aliweza kucheza siku yoyote aliyotaka. Mfanyakazi wa kiwanda cha nguo huko Lancashire, akiacha kazi Jumamosi moja ili acheze mpira, alikuwa amepoteza chakula cha watoto wake. Ndiyo maana mwaka 1885 chama cha mpira cha Uingereza kilikubali, baada ya mabishano makali, kwamba mchezaji anaweza kulipwa. Sisi ambao vijana wetu hucheza bure kwa sababu hakuna wa kuwalipa tunaijua vizuri tofauti kati ya anayekataa malipo na anayeyakosa.

Wreford-Brown mwenyewe alisimama katikati ya mambo hayo. Tarehe 2 Aprili 1898, huko Glasgow, alikuwa nahodha wa Uingereza dhidi ya Scotland, na sehemu kubwa ya aliowaongoza walikuwa wachezaji wa kulipwa, akiwemo Steve Bloomer, mfungaji hodari wa Derby County. Uingereza ilishinda mabao 3 kwa 1, na Bloomer alifunga mawili. Husimuliwa kwamba nahodha huyo alivaa kaptura yenye mifuko mikubwa iliyojaa sarafu za dhahabu, na kila mchezaji wa kulipwa alipofunga bao alimpenyezea moja mkononi palepale uwanjani. Kisa hicho kinachekesha, na pia kinachoma kidogo. Yeye asiyepokea ndiye aliyetoa, na mkono unaotoa siku zote huwa juu.

Miguu ilipochoka, kichwa kiliendelea. Mwaka 1924, wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Paris, yaliandaliwa katika mji huo mashindano ya sataranji kwa wachezaji wa ridhaa. Walikuja wachezaji 54 kutoka nchi 18, na katika siku hizo hizo, tarehe 20 Julai, ndipo lilipoundwa shirikisho la dunia la mchezo huo, FIDE. Wreford-Brown, aliyekuwa anakaribia miaka 58, alikuwa miongoni mwa Waingereza walioketi mbele ya ubao. Mwenzake mmoja, Edith Holloway, alikuwa mwanamke pekee katika mashindano yote. Ushindi wa mchezaji mmoja mmoja ulichukuliwa na Hermanis Matisons wa Latvia, na wa timu ukaenda Czechoslovakia. Nahodha wa zamani hakutwaa kitu, wala hakuna dalili kwamba alikwenda kutwaa.

Mwaka 1933 alijiandikisha katika mashindano ya ubingwa wa Uingereza huko Hastings, akiwa na miaka 66. Afya ilimwangusha akajitoa mapema. Tunayataja mashindano hayo kwa sababu ya aliyeyashinda: Mir Sultan Khan, mtu wa Punjab, aliyejifunza sataranji ya Kihindi utotoni kutoka kwa baba yake na kuzoea kanuni za Ulaya ukubwani. Katika sataranji ya Kihindi, kwa mfano, kitunda hakiruhusiwi kuruka nyumba mbili kinapoondoka mara ya kwanza. Sultan Khan alikuwa katika nyumba ya Sir Umar Hayat Khan, aliyempeleka Uingereza, na ubingwa huo ulikuwa wake wa tatu, baada ya ule wa 1929 na wa 1932. Mwaka huo huo wa 1933 Fatima, wa nyumba hiyo hiyo, alitwaa ubingwa wa wanawake. Baada ya hapo bwana wao alirudi India, na Sultan Khan akarudi pia. Naye hakucheza kwa mshahara, ila safari ya kwenda na ya kurudi ilipangwa na mwingine. Neno ridhaa linamkalia kwa shida.

Miaka mitano baadaye neno hilo lilimfikia Wreford-Brown mwenyewe. Alikuwa ametumikia chama cha mpira kwa muda mrefu, na mwezi Mei 1938, akiwa na miaka 71, aliongozana na timu ya taifa kwenda Berlin akiwa kiongozi wa msafara. Miezi miwili kabla, Ujerumani ilikuwa imeimeza Austria. Waingereza walitakiwa, wakati wa wimbo wa taifa wa Ujerumani, wainue mikono kwa salamu ya Wanazi. Nahodha Eddie Hapgood, mchezaji wa kulipwa wa Arsenal, aliandika baadaye katika kumbukumbu zake kwamba alipinga waziwazi mbele ya wakubwa wake. Wreford-Brown na katibu wa chama, Stanley Rous, walikwenda kutaka ushauri kwa balozi wa Uingereza, Sir Nevile Henderson. Balozi alilichukulia jambo hilo kuwa adabu tu kwa mwenyeji, akaona kukataa kungezidisha joto la siasa. Waliporudi, wachezaji wakapewa agizo.

Tarehe 14 Mei, mbele ya watu zaidi ya laki moja, wachezaji kumi na mmoja waliovaa jezi nyeupe waliinua mikono. Kisha wakacheza, wakawashinda Wajerumani mabao 6 kwa 3. Matokeo ni wachache wanaoyakumbuka. Picha ya mikono ile ingali ikichapishwa.

Tumejiuliza ni nini kilichompita moyoni mzee yule. Alilelewa katika klabu iliyoamini kwamba mstaarabu huiachia penalti iingie kuliko kufaidika na rafu, na sasa alikuwa anawapelekea wachezaji neno ambalo hawakulitaka. Huenda aliona kwamba heshima kwa mwenyeji ni sehemu ya uungwana uleule aliofundishwa Charterhouse. Kama ndivyo, tunadhani uungwana wake ulimpotosha siku ile, na kwamba Hapgood, aliyelipwa kucheza, ndiye aliyekuwa na ridhaa ya kukataa, ila hakuachiwa kuitumia. Mwaka uliofuata vita vilianza.

Wreford-Brown aliishi akaviona vikianza na kwisha. Alifariki London tarehe 26 Novemba 1951, akiwa na umri wa miaka 85.