Dkt Nico: Gwiji wa gitaa aliyeondoka jukwaani mapema

Wapenzi wa rumba wanapobishana kuhusu solo bora zaidi ya gitaa, jina la Nicolas Kasanda, maarufu Dkt Nico, halikosi kutajwa. Alizaliwa Mikalayi, Kasai, mwaka wa 1939. Angali chipukizi, alijiunga na African Jazz ya Joseph Kabasele, ambako kakake Dechaud alicharaza gitaa la ridhimu. Gitaa lake ndilo linalosikika katika 'Indépendance Cha Cha', kibao kilichorekodiwa Brussels mwaka wa 1960, miezi michache kabla ya Kongo kujinyakulia uhuru. Mnamo 1963 alihama na Tabu Ley, wakaunda African Fiesta, kisha wakatengana. Katikati ya miaka ya sabini alijiondoa jukwaani. Alifariki Brussels mwaka wa 1985, akiwa na umri wa miaka 46. Hata hivyo, nyuzi zake zingali kipimo cha wacharazaji wengi.